Chupa za mafuta ya cherehani zinavuja: joto la Tanga au vifuniko ndo vibovu?

#1 MamaVipande
Habari zenu wadau. Mie nashona mifarishi ya vipande vya kitenge hapa Chumbageni, nashonea nyumbani, na kuna jambo limekuwa sugu naomba tulichambue. Hizi chupa za mafuta ya cherehani, zile ndogo za plastiki zenye mdomo mrefu mwembamba na kikofia juu, kila ninayonunua inavuja. Haijapasuka, ukiitazama nzima kabisa, kikofia umekibana mpaka mwisho, unailaza kwenye droo, ukija kuifungua droo mafuta yametambaa mpaka kwenye bobini na mkasi. Safari hii yamefika kwenye vipande nilivyokwisha kata vya mfarishi wa bibi harusi, na yamechagua vile vyeupe vya kuzungushia, vya kitenge vimepona. Kazi ya watu hiyo na harusi iko karibu.

Nauliza zinavuja kwa nini, na ninyi mnaoshona vipande mnazihifadhi vipi, maana sisi vitambaa vinakaa mezani wiki na wiki vikisubiri kuunganishwa, havitoki siku ileile kama suruali ya mteja. Shoga yangu wa Raskazone naye analia hivo hivo na yeye ananunua duka lingine, kwa hiyo sio chupa moja wala duka moja. Mie nahisi ni hili joto la kaskazi.

#2 Barabara_ya_8
Naweka kambi hapa. Yangu nimeitia kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga na rababendi, mafuta yamejaa mfukoni.

#3 Fundi_Makorora
Salaam. Joto linasingiziwa bure. Tatizo ni namna mnavyokata ule mdomo. Chupa nyingi zikitoka dukani mdomo umeziba nchani, mtu anachukua mkasi anakata katikati ili mafuta yatoke haraka, sasa ule mdomo umechongoka, huku chini ni mnene kule juu ni mwembamba, kile kikofia kimetengenezwa kishike nchani. Ukishakata chini kikofia kinakaa juujuu tu, hata ukibonyeza kikalia "ta" bado hakijashika. Nenda duka lolote la mafundi Ngamiani angalia chupa zao, midomo imekatwa kama mnazi uliopigwa upanga.

Chukua pini, pasha kwenye mshumaa, toboa nchani kabisa, tundu litoe tone moja moja. Cherehani inataka tone.

#4 MamaVipande
Asante fundi, ila mie sijakata, nimetoboa kwa sindano ya cherehani namba 14. Tundu dogo na linavuja.

#5 Mwl_Pongwe
Fundi #3 usilitoe joto haraka hivo. Ndani ya chupa mna mafuta na mna hewa, na hewa ndo mkorofi. Chukua chupa ya mililita 100 iliyobaki nusu, hewa ni mililita 50. Umeifunga alfajiri nyuzi 24, mchana chumba cha bati bila dari kinafika 34, ile hewa inataka kuongezeka asilimia 3 na kitu, karibu mililita 1.7. Chupa ikiwa imesimama hewa iko juu kwenye mdomo, kitakachopenya ni hewa, huoni kitu. Ikiwa imelala, kwenye mdomo yako mafuta, kwa hiyo hewa iliyonaswa nyuma inayasukuma yatoke. Mililita 1.7 ni matone zaidi ya 30, na pamba inavyosambaza mafuta hapo umeharibu vipande vya kutosha.

Ndo maana pia mtaona chupa inayokaribia kuisha inavuja kuliko mpya. Mpya haina hewa ya kutosha kusukuma.

#6 Bi_Sahare
Mwalimu hapo kwenye chupa inayoisha umenigusa, yangu ilikaa vizuri miezi ilipofika robo ikaanza kulia machozi. Nikadhani kikofia kimechoka.

#7 Fundi_Makorora
Inaweza kuwa kikofia kimechoka kweli dada. Kinafunguliwa na kufungwa mwaka mzima, plastiki inalegea. Mwalimu mahesabu yako mazuri lakini hiyo chupa ni laini, hewa ikitanuka kuta zinavimba kidogo, haitoki yote 1.7. Na mleta uzi hebu tuambie, inavuja usiku au mchana? Kama ni usiku hakuna joto la kutanua kitu.

#8 MamaVipande
Kwa kweli siwezi kuapa. Nikishaiweka jioni siigusi mpaka asubuhi ya pili yake au zaidi, siku za kukata vitambaa sitii mafuta. Kwa hiyo mchana umepita katikati. Droo yenyewe iko chini ya dirisha la magharibi jua linapiga pale alasiri.

#9 Mwl_Pongwe
Basi jibu hilo hapo.

#10 Msambaa_Halisi
Watu wa Tanga mjini mnalaumu joto kwa kila kitu hahaha. Mi nipo Lushoto, huku asubuhi tunavaa makoti, na chupa yangu inavuja vilevile. Nikinunua huko kwenu nikifika nyumbani begi limelowa. Sasa mwalimu niambie joto la Lushoto liko wapi.

#11 Mwl_Pongwe
Ndugu yangu wa Lushoto wewe ndo umenipa ushahidi mzuri zaidi. Chupa imefungwa Tanga, usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400 juu. Kanieneo ya hewa huko, yaani mgandamizo wake, ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Hewa iliyofungiwa Tanga ikifika kwenu haibanwi sana na nje kama huku, kwa hiyo inataka kutanuka kwa asilimia 17 au 18 hivi, hiyo ni mara tano ya lile joto nililosema juu. Basi likimaliza zile kona za kutoka Mombo chupa iliyolala kwenye begi lazima iteme. Ukifika fungua kikofia ikiwa imesimama, iache ipumue, funga tena.

#12 Msambaa_Halisi
Mmh hiyo nimeikubali, hata pakiti za krisps zikifika huku zimevimba. Ila mwalimu ikishapumua ikakaa mezani wiki nzima bado chini yake kuna duara la mafuta. Imesimama. Hapo je?

#13 BintiPangani
Hapo ndo na mie nataka jibu. Yangu naisimamisha kwenye kizingiti cha dirisha, hailali hata siku moja, na kila nikiinyanyua pana duara. Nimeipangusa kavu kabisa, baada ya siku kadhaa shingo inateleza tena.

#14 Mkonge_Maabara
Nimesoma toka mwanzo, naona mnagombana kuhusu vitu vitatu tofauti mkidhani ni kimoja.

Kwanza, mafuta ya cherehani ni mepesi sana, hayana rangi, yametengenezwa makusudi yaingie kwenye nafasi ndogo ambazo jicho halioni, vinginevyo yasingefika kwenye vyuma vya ndani. Sasa hesi za kifuniko, ile michirizi ya kukazia, nazo ni nafasi ndogo. Mafuta yanapanda kwenye hesi yenyewe bila kusukumwa, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, yakifika nje yanashuka na shingo. Kwa hiyo chupa kusimama haiondoi hilo, inapunguza tu.

Pili, angalia chini ya chupa kuna pembetatu ina namba. Ikiwa 4 ni ile plastiki laini ya kuminya. Plastiki hiyo inanywa mafuta ya madini kama haya ya cherehani, taratibu, mpaka chupa nzima inakuwa na utelezi kwa nje hata kama haina tundu. Mtu anapangusa, inateleza tena, anadhani inavuja. Namba 1, zile za chupa za maji, inashika mafuta vizuri zaidi. Kioo ndo hakipitishi kabisa.

Tatu ndo hayo ya joto na kupanda milima. Yote yapo.

#15 Fundi_Makorora
Utelezi wa nje haulowanishi mfarishi ndugu yangu. Mama #1 anasema yametambaa mpaka kwenye bobini. Hiyo ni kikofia. Sitoki hapo.

#16 MuuzaVifaa_Mgandini
Naongezea upande wa dukani maana nauza hivi vitu. Zipo chupa zinazojazwa hapahapa kutoka kwenye dumu, chupa zenyewe zimeshatumika, zinaoshwa zinajazwa tena. Mdomo ule unaokazwa kwa hesi kwenye chupa unatakiwa uwe na kizibo bapa cha ndani kinachokaa kati ya mdomo na shingo ya chupa. Kikishatoka au kikipotea wakati wa kujaza hakirudi, wewe unaona umebana lakini plastiki imekutana na plastiki bila kitu katikati. Mkinunua fungueni sehemu ya chini ya mdomo muone, sio kikofia cha juu peke yake. Na mwenye duka akikuzuia kufungua mwombe akugeuzie chupa kichwa chini hapohapo mhesabu mpaka ishirini.

#17 MamaVipande
Jamani muuza vifaa umeniamsha. Nimetoka kufungua sasa hivi, hamna kizibo! Ya mwanzo iliyokwisha nayo niliitunza, nayo hamna. Ila ya yule shoga yangu nimempigia anasema chake kipo na inavuja.

#18 Barabara_ya_8
Hahaha kesi imerudi kwa mwalimu.

#19 Baiskeli_Mbili
Mimi nilishaimaliza hii shida. Kata duara kwenye tyubu mbovu ya baiskeli, tia katikati ya mdomo na shingo, bana. Tanga tyubu mbovu hazikosekani, kila nyumba ina baiskeli.

#20 Mkonge_Maabara
#19 hiyo itakushika kwa muda. Mpira wa tyubu na mafuta ya madini haviivani, unavimba, unakuwa laini, mwisho unatoka kama chingamu na hapo unavuja zaidi ya mwanzo. Ukitaka mpira tafuta ule wanaouza wauza spea za pikipiki kwa ajili ya injini, ule umetengenezwa ukae kwenye mafuta.

#21 Baiskeli_Mbili
Yangu ina muda na haijavimba mkuu. Labda tyubu yangu ya zamani ilikuwa nzuri.

#22 Mjomba_Bomba
Fundi bomba hapa, sijui kushona hata kifungo ila mke wangu anashona. Tumieni ile tepu nyeupe tunayozungushia kwenye hesi za bomba. Haidhuriki na mafuta. Zungusha kufuata upande unaokazia kifuniko, mizunguko miwili au mitatu inatosha, ukizungusha kinyume ukianza kukaza inajikunjua yote unaikuta imejikusanya juu. Ivute kidogo ikamate hesi. Ya mama watoto nimeifanyia hivo imetulia.

#23 Bi_Sahare
Mjomba Bomba mashallah, hiyo nimeichukua. Lakini hiyo inaziba pale chini kwenye shingo, ule mdomo wa juu je?

#24 Mjomba_Bomba
Pale juu dada fuata ya fundi, hapo sina utaalamu.

#25 Nesi_Duga
Mie nilihama kwenye hizo chupa kabisa. Nanunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano yake au na sindano butu, navuta mafuta, natia tone pale ninapotaka. Tone linaingia mpaka ndani ya kijumba cha bobini bila kugusa kitambaa. Nikimaliza nasimamisha kwenye glasi. Chupa kubwa inakaa kabatini jikoni mbali na vitambaa.

#26 Mkonge_Maabara
Nesi wazo zuri ila lile pande jeusi la mpira kwenye kisukumio cha bomba nalo linavimba likikaa na mafuta, baada ya wiki halisukumiki, ukilazimisha linafyatuka linamwaga yote. Tumia, kisha yarudishe mafuta kwenye chupa usiyaache ndani. Kuna yale yasiyo na mpira kabisa, plastiki tupu, hayo hayana shida.

#27 Nesi_Duga
Kweli bwana, limeniganda la kwanza nikalitupa nikidhani ni bovu. Asante.

#28 Kitenge_na_Kanga
Mie natumia chupa ya dawa ya macho, nilipomaliza dawa nikaiosha nikatia mafuta. Inatoa tone safi kabisa, kikofia chake kina hesi kinakaza sawasawa, haijavuja. Inaingia hata mfukoni.

#29 Nesi_Duga
Hapana, hapana, hapana. Dada yangu nakuomba kwa heri, toa hiyo leo. Nyumba ina wazee, ina watoto, mtu jicho linamuwasha usiku anapapasa mezani anakuta chupa ya dawa ya macho. Kama huwezi kuiacha basi ng'oa karatasi yake yote, zungushia tepu nyekundu chupa nzima, andika MAFUTA YA CHEREHANI kwa kalamu isiyofutika, na isikae kwenye kabati la dawa hata dakika moja. Na hii ni kwa wote, hata mnaoweka kwenye chupa za soda. Mtoto akinywa mafuta mepesi kama haya hatari kubwa ni yakipita njia ya hewa yakaingia kwenye mapafu, kwa hiyo msimtapishe, mpelekeni kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi waione.

#30 Kitenge_na_Kanga
Nimekuelewa dada nesi, naweka tepu sasa hivi. Mama mkwe yuko hapa na anatumia dawa ya macho kweli.

#31 MamaVipande
Nesi Mungu akuweke. Wadau sasa nisaidieni na vile vipande vyeupe, bado viko kwenye beseni sijavigusa, naogopa.

#32 Doa_Halikai
Toa kwenye beseni kama lina maji, mafuta na maji havielewani. Tandaza kipande juu ya kitambaa chakavu kikavu. Mwagia poda ya mtoto au wanga wa unga wa muhogo, au saga chaki nyeupe, funika doa lote kwa unene, acha usiku kucha, unga utanywa mafuta. Kung'uta asubuhi, rudia mpaka unga usiwe unabadilika rangi. Halafu ndo sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tia mbichi palepale kwenye doa bila maji, sugua kwa vidole taratibu, iache kidogo, suuza kwa maji ya vuguvugu. PASI MARUFUKU mpaka uhakikishe doa limetoka. Ukipiga pasi juu ya mafuta umeyapika ndani ya uzi. Na jua kali la saa saba nalo ni pasi, anika kivulini uangalie kwanza.

#33 Bi_Sahare
Mie sianzi na unga, naanza na sabuni moja kwa moja na doa linatoka. Unga unachelewesha.

#34 Doa_Halikai
Kama doa ni la leo sabuni inatosha. La kwake ni la siku.

#35 Pwani_Tailor
Petroli kidogo kwenye pamba, unapangusa, dakika mbili hamna kitu. Mafundi wote wa zamani ndo dawa yao.

#36 Nesi_Duga
Jamani petroli ndani ya nyumba, karibu na cherehani ya umeme, jiko la mkaa liko hapo mlangoni! Tusiwape watu hiyo.

#37 Doa_Halikai
Naunga mkono nesi. Na petroli inaweza kuhamisha rangi ya kitenge ukaishia na madoa mawili. Kwa kitenge chochote kabla ya dawa yoyote, lowesha kona, bonyeza na kitambaa cheupe, kikitoka na rangi acha kwanza.

#38 Bibi_Anasema
Marehemu bibi yangu kule Tongoni cherehani yake ya Singer nyeusi aliitia mafuta ya nazi maisha yake yote na wala hakukuwa na chupa za kuvuja, alikuwa na kikombe na unyoya wa kuku. Anachovya unyoya anapitisha kwenye vyuma. Mnahangaika na vichupa bure.

#39 Fundi_Makorora
Unyoya nakubali, kazi nzuri sana ile, hata brashi ndogo inafaa. Mafuta ya nazi sikubali. Yanakaa vizuri mwanzoni kisha yanakuwa gundi, hewa inayabadilisha. Nimefungua vichwa vingi vya cherehani za marehemu mabibi zetu, shafti imeshikwa na utando wa kahawia, gurudumu halizunguki, watu wanasema imekufa kumbe imegandishwa na mafuta ya kupikia. Unaloweka kwa mafuta ya taa, unazungusha taratibu, unapangusa, ndo unatia mafuta yake. Na huyu wa Lushoto akitia ya nazi asubuhi atayakuta yameganda meupe, yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda.

#40 Msambaa_Halisi
Mimi na mafuta ya nazi wapi na wapi, huku tunapika kwa siagi hahaha

#41 Bibi_Anasema
Cherehani ya bibi inafanya kazi mpaka leo fundi. Njoo uione Tongoni, magofu yapo na cherehani ipo.

#42 Fundi_Makorora
Nakuja kweli mama, niandalieni bada na samaki. Cherehani zile za chuma kitupu zinavumilia mengi, ndo sifa yake. Lakini sogeza kile kibati cha juu utazame ndani ukiwa na tochi, halafu urudi hapa utuambie rangi uliyoikuta.

#43 BintiPangani
Tukirudi kwenye mada, mimi nimehama namna ya kuweka. Chukua kopo la kioo la kahawa au la jemu lenye kifuniko, weka pamba kuukuu chini, simamisha chupa humo, funga kopo. Ikivuja inavujia kwenye pamba, haitoki nje. Sijatibu kuvuja ila vitambaa vyangu viko salama. Na kabla ya kufunga kikofia naminya chupa kidogo itoe hewa, nakifunga ikiwa bado imeminywa, mwalimu sijui kama ni sahihi ila inasaidia.

#44 Mwl_Pongwe
Sahihi kabisa. Umeipa hewa nafasi ya kutanukia, mchana ikipata joto inarudisha kwanza kuta za chupa mahali pake kabla haijaanza kusukuma mafuta. Hilo linafanya kazi kwa sababu ya joto, fundi soma vizuri hapo.

#45 Fundi_Makorora
Linafanya kazi kwa sababu chupa iliyominywa inavuta mafuta yaliyo kwenye mdomo yarudi ndani. Hakuna cha joto. Tufanye hivi, chukua chupa mbili sawa, moja mdomo mzima haujatobolewa, nyingine umetobolewa, zote zilaze juani. Ile nzima ikivuja naacha kazi.

#46 Mwl_Pongwe
Ile nzima haiwezi kuvuja haina tundu fundi wangu! Chukua mbili zilizotobolewa vilevile, moja juani moja kwenye mtungi wa maji.

#47 Barabara_ya_8
Mashindano yafanyike Uwanja wa Mkwakwani, kiingilio kipande kimoja cha kitenge.

#48 Mama_Ovaloki
Jamani na sisi wenye Juki za kiwandani zinazovuja chini je? Nikiamka sakafu imelowa.

#49 Fundi_Makorora
Hiyo ni habari nyingine. Ile ina tanki la mafuta chini ya kichwa, inajipakaa yenyewe ikizunguka. Angalia umejaza mpaka mstari gani, kwenye tanki kuna alama ya juu na ya chini, watu wanajaza mpaka pomoni. Kama iko sawa angalia skrubu ya kutolea mafuta na ringi yake. Anzisha uzi wake tutaandika vizuri.

#50 MamaVipande
Wadau mrejesho. Vipande nimevifunika kwa wanga wa muhogo, nimekung'uta na kurudia, kisha sabuni ya vyombo. Vingi vimetoka safi kabisa, Doa_Halikai nakuombea. Vichache vimebaki na mduara wa njano hafifu pembeni ya doa, ukikiweka mwangani unauona. Nilivianika kivulini kama ulivyosema, pasi sijagusa. Huu mduara ni nini?

#51 Doa_Halikai
Kitambaa ulikifua kabla ya kukata? Kipya kinakuja na uwanga wa kiwandani, mafuta yakisambaa yanausukuma mpaka ukingoni unabaki pale. Loweka kipande chote, sio doa peke yake.

#52 Mkonge_Maabara
Mi nadhani ni mafuta yenyewe yamezeeka. Mafuta mazuri ya cherehani ni meupe kama maji. Yakikaa sana juani yanageuka njano. Mimina kidogo kwenye sahani nyeupe uangalie, yakiwa na unjano usiyatie hata kwenye cherehani.

#53 MuuzaVifaa_Mgandini
Au dumu lilikuwa na kitu kingine kabla. Nasema ninachokiona sokoni.

#54 MamaVipande
Nimemimina kwenye kisahani. Yana unjano kwa mbali, lakini kitambaa nacho sikukifua, kwa hiyo sijui nimwamini nani. Nimeloweka vyote usiku huu. Visivyotoka nitavihamishia kona za nyuma na kukata vingine vya mbele, kitambaa kimebaki kidogo, bibi harusi wa watu hatapelekewa mfarishi wenye doa.

#55 Nesi_Duga
Ukimaliza kutia mafuta cherehani yenyewe usisahau kushona kwanza kwenye kitambaa chakavu, mistari kadhaa mpaka uzi utoke mkavu. Sisi wa mifarishi pamba ya katikati inatoa vumbi jingi, tunasafisha na kutia mafuta mara nyingi kuliko wengine, na tone likizidi linashukia kwenye sindano.

#56 Kitenge_na_Kanga
Kweli hiyo. Afu hii yangu ya Janome ina kijitambi pale kwenye kitanda cha bobini, tone moja tu pale, kuna mahali pengine pa kutia?

#57 Fundi_Makorora
Kwa hizo za bobini inayowekwa kwa juu pale panatosha kwa kazi ya nyumbani, kwingine kunafunguliwa na fundi. Safisha vumbi kabla, ukitia tone juu ya vumbi umekanda unga. Aina gani hiyo, piga picha ya ubavuni tuone namba.